Mnyama Anayeteswa Unguja au Pemba: Mlango Upi wa Kugonga na Uende na Nini Mkononi

Picha ya punda aliyeanguka na mzigo barabarani inaposambaa kwenye makundi ya WhatsApp, hakosekani mtu wa kubandika chini yake Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008. Nia yake njema, ila sheria si yenyewe. Ile ilitungwa kwa ajili ya Tanzania Bara. Mifugo, misitu na wanyamapori havimo katika orodha ya mambo ya Muungano, kwa hiyo kwetu Zanzibar vinatungiwa sheria na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani. Ukifika kituo cha polisi cha Mwanakwerekwe au Chake Chake na karatasi ya Bara mkononi, unakuwa umempa afisa sababu halali ya kukurudisha nyumbani, na mnyama anabaki alipo.

Malalamiko mengi ya aina hii hapa kwetu hufa kwa sababu yamepelekwa mlango usiokuwa wake, au yamekwenda mikono mitupu. Mwongozo huu ni wa kuzuia hayo mawili.

Hatua ya kwanza: jua mnyama wako ni wa mlango upi

Sheria za Zanzibar hazimtazami mnyama kuwa mwenye haki zake mwenyewe. Zinamtazama ama kuwa mali ya mtu, ama kuwa maliasili ya nchi. Tusiipende hali hiyo, lakini tukiielewa tunajua nani ana mamlaka ya kuingilia kati. Milango ni mitatu.

Wa kwanza ni wa wanyama wa kufugwa: ng'ombe, punda, mbuzi, kuku, paka, mbwa wenye wenyewe. Hawa wako chini ya Wizara ya Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo, upande wa mifugo. Sheria mama ya upande huo ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Wanyama Namba 11 ya 1999. Anayeitekeleza kwa karibu nawe ni bwana mifugo au bibi mifugo wa wilaya, na juu yake madaktari wa mifugo. Ikiwa mtu amemuua, amemkata au amemjeruhi mnyama wa mwenziwe kwa makusudi, hapo inaingia pia Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, na hiyo ni kazi ya polisi moja kwa moja. Jirani aliyemkata panga mbuzi wa mtu eti kwa sababu amekula muhogo wake hana kinga: dawa ya muhogo ulioliwa ni fidia, si panga.

Mlango wa pili ni wa wanyama wa msituni, nao uko Idara ya Misitu chini ya Sheria ya Usimamizi na Hifadhi ya Rasilimali za Misitu Namba 10 ya 1996. Hapa wamo kima punju, paa nunga, popo wa Pemba, komba na ndege.

Wa tatu ni wa bahari. Kasa, ng'amba, pomboo na nguva wanahusu Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, kwa Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010 na kanuni zake. Mtu wa karibu kabisa ni afisa uvuvi wa dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, pamoja na kamati ya wavuvi ya shehia.

Kuna wanyama wanaoangukia katikati. Mbwa asiye na mwenyewe anazurura Mikunguni: huyo anahusu Baraza la Manispaa au halmashauri kwa upande wa utaratibu wa mji, na mifugo kwa upande wa chanjo na ugonjwa. Kima aliyefungwa mnyororo nje ya mkahawa ni wa misitu, hata kama mwenye mkahawa anakuapia kuwa amemlea tangu mdogo.

Hatua ya pili: zungumza na mwenyewe, ikiwa pana salama

Baadhi ya watetezi wa wanyama wanaona hatua hii ni ya kupoteza muda. Mimi naona ndiyo inayomaliza mambo mengi kuliko zote. Mwenye gari la ng'ombe anayebeba matofali kutoka Fuoni hajaamka asubuhi akiwa na nia ya kumtesa ng'ombe wake. Ana watoto, ana deni, na ng'ombe akilala siku tatu, nyumbani hapapikwi. Ukimvamia na simu ya kurikodi mbele ya watu, atakutukana, kisha atampiga ng'ombe kwa hasira zako.

Msogelee pembeni, umsalimie kama unavyomsalimia mtu mzima. "Assalaam alaykum, bwana mkubwa. Habari za kazi? Naona bega la ng'ombe limechubuka, nira inamkata. Ukimpumzisha siku mbili tatu litakauka. Nimwambie bwana mifugo apite kumtia dawa?" Ikiwa ni kijana mdogo anayeendesha gari la mtu mwingine, muulize mwenye gari ni nani, kumkemea kijana hakusaidii kitu. Akiwa mzee, anza na shikamoo yako na uwe tayari kusikiliza kwanza historia ya ng'ombe mzima.

Dini nayo ina nafasi yake, alimradi isiwe fimbo. Hakuna Mzanzibari asiyewahi kusikia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia bila ya chakula, au ya aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Akizitaja imamu kwenye khutba ya Ijumaa, zinafanya kazi kuliko zikitoka kwa mpita njia. Ikiwa tatizo ni la mtaa mzima, kwa mfano vijana wa pahala fulani wana mchezo wa kuwarushia mawe paka, nenda kwa imamu na kwa mwalimu wa skuli kabla ya kwenda kwa mtu yeyote.

Ruka hatua hii pale ambapo mnyama yuko karibu kufa, pametumika sumu, mtendaji ana silaha au amelewa, au jambo lenyewe ni biashara, kama kuuza nyama ya kasa au kukusanya wanyama wa msituni. Hapo mazungumzo ni kumpa mtu nafasi ya kuficha.

Na jambo moja usilifanye hata kwa huruma: usimfungue mnyama wa mtu ukaondoka naye. Wizi wa mifugo ni kosa zito, na utajikuta wewe ndiye mtuhumiwa huku aliyetesa akiwa mlalamikaji. Kumpa maji mnyama aliyefungwa juani si kosa. Mpe, umpigie picha kabla na baada, kisha ita mtu wa mlango unaohusika.

Hatua ya tatu: kusanya ushahidi utakaosimama

Kesi ya jinai si yako, ni ya Serikali; wewe ni shahidi. Mwendesha mashtaka atakutaka useme ulichokiona kwa macho yako. "Alikuwa anamtesa sana" ni maoni. "Alimpiga kwa gongo kichwani mara nne, ng'ombe akapiga magoti" ni ushahidi.

Piga picha ya mnyama mzima kwanza, halafu jeraha kwa karibu, halafu kitu kinachoonesha pahala: kibao cha duka, msikiti, nambari ya nguzo ya umeme. Weka kitu cha kulinganishia ukubwa, kama sarafu au kalamu, pembeni mwa jeraha ukiweza kufika bila ya kumtia mnyama khofu. Video fupi isiyokatwa ina thamani kuliko ndefu iliyotiwa nyimbo. Ibakishe faili ya asili kwenye simu yako: picha ikishapita WhatsApp hupungua ubora na kupoteza taarifa za saa na tarehe. Usiiposti kabla ya kuripoti. Najua hamu ya kuposti ilivyo, lakini ukishaitangaza, mwenye mnyama atamuondosha, atamchinja au atamuuza kabla afisa hajafika, na sura yake ikionekana unaweza kujiletea kesi nyingine.

Andika siku hiyo hiyo tarehe, saa, pahala, umbali uliokuwepo, maneno yaliyosemwa na majina ya waliokuwepo. Mashahidi wawili wa mtaani wanaokubali kutajwa wana uzito kuliko watu mia waliobonyeza alama ya huzuni.

Mnyama akifa, mzoga ni ushahidi. Usiuzike wala kuutupa kabla daktari wa mifugo hajauona. Ukishuku sumu, usiuguse kwa mikono mitupu, wazuie watoto na kuku, na chakula kilichobaki kitie kwenye mfuko uliofungwa na ukikabidhi kwa daktari. Ripoti ya daktari wa mifugo ndiyo uti wa mgongo wa kesi ya mnyama. Fomu ya PF3 ya polisi ni ya binadamu, kwa hiyo usikubali kuambiwa urudi kwa kuwa "mnyama hana PF3". Wewe mwenyewe ukiwa umepigwa katika purukushani, hapo ndipo unapoihitaji.

Hatua ya nne: peleka malalamiko, na yawe ya maandishi

Anzia kwa sheha. Yeye ndiye Serikali iliyo karibu nawe, anamjua mwenye mnyama, na mara nyingi simu yake kwa bwana mifugo inakwenda haraka kuliko yako. Lakini usimpe maneno ya barazani tu. Mpe karatasi, ubaki na nakala yenye sahihi yake na tarehe. Isizidi ukurasa mmoja. Mfano:

"Kwa Sheha wa Shehia ya ______. Mimi ______, mkaazi wa ______. Siku ya Jumatatu, tarehe ______, saa mbili za asubuhi, nje ya duka la ______, nilimuona ng'ombe wa gari mwenye jeraha bichi la ukubwa wa kiganja begani, chini ya nira. Gari lilikuwa limejaa matofali. Mwendeshaji alikuwa akimpiga fimbo pale pale penye jeraha. Walioshuhudia ni ______ na ______. Nilizungumza naye siku hiyo. Jumatano nimemuona ng'ombe huyo huyo kazini, jeraha likitoa usaha. Naomba daktari wa mifugo amkague, na naomba nijuulishwe hatua iliyochukuliwa."

Barua hiyo haina hata tusi moja, na haina hukumu. Imetaja kuwa mtu alishaambiwa akaendelea, na hiyo ndiyo sentensi itakayomfanya afisa ainuke kitini.

Nakala ipeleke afisi ya mifugo ya wilaya. Ikiwa pana kosa la jinai, nenda polisi wewe mwenyewe, toa maelezo na uombe nambari ya RB, yaani ya daftari la ripoti la polisi. Kuripoti ni bure. Ukiambiwa "haya ni mambo ya wanyama, malizaneni nyumbani", jibu kwa upole kuwa unaripoti kujeruhiwa kwa mali ya mtu chini ya Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, na umuombe mkuu wa kituo. Ikiwa mnyama ni wako, taja na thamani yake kwa shilingi. Inauma kumpangia bei punda uliyemlea, lakini ni lugha ambayo jalada la polisi linaifahamu.

Kama mnyama anahitaji tiba kabla ya haki, afisi ya mifugo ndiyo ya kwanza. Kwa Unguja ipo pia jumuiya ya ZAASO, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwatibu punda, ng'ombe wa magari, paka na mbwa.

Akitokea mtu anayezunguka mitaani kununua punda wengi kwa bei isiyoeleweka, mripoti hata kabla hujaona kosa. Biashara ya ngozi za punda imemaliza punda katika nchi kadhaa, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Hatua ya tano: fuatilia bila ya kugombana

Toa wiki moja, kisha rudi kwa sheha na nakala yako. Baada ya hapo panda: afisi ya mifugo ya wilaya, mkuu wa wilaya, idara. Kesi ikiwa imeshafunguliwa polisi na imelala, unaweza kuuliza Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka kwa kutumia nambari ya RB. Kwa ushauri wa kisheria usiokuwa na malipo, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina afisi Unguja na Chake Chake, na wasaidizi wa sheria wako katika shehia nyingi. Wengi wamezoea kesi za ardhi na ndoa, kwa hiyo uwapelekee sheria uliyoitaja kwenye barua. Usitegemee wawe wanaijua kwa moyo.

Kasa, ng'amba na pomboo

Huku sheria iko wazi kuliko kwengine, na hatari pia. Kuvua, kuuza au kula kasa ni marufuku, na nyama yake inaweza kuua: Machi 2024 katika Kisiwa Panza, Pemba, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Anayekwambia amekula miaka yote na hakudhurika anasema kweli; sumu haiko kwa kila kasa, na hakuna wa kuijua kwa macho. Ukisikia inauzwa, wapigie afisa uvuvi na polisi saa hiyo hiyo, maana hapo hulindi kasa peke yake.

Kasa akinasa kwenye wavu, ukate wavu, usimkate yeye wala usimvute kwa mapezi. Akiwa amelegea usimtupe baharini, atazama. Mlaze kwa tumbo kivulini, inua nyuma yake kidogo ili maji yatoke mapafuni, mfunike kitambaa kibichi bila ya kuziba pua, umsubiri saa kadhaa hadi apate nguvu. Ukikuta kiota, usihamishe mayai. Yanahitaji takriban siku 60 mchangani, na hoteli iliyo karibu iombwe kuzima taa zinazoelekea pwani. Ganda la ng'amba ni marufuku kulivusha mpaka, kwani kasa wa baharini wote wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Wanaotembeza wageni wawaambie mapema, kabla hawajafika uwanja wa ndege.

Pomboo aliyekwama ufukweni mwagie maji, mtilie kivuli, tundu la kupumulia lililo juu ya kichwa libaki wazi, na asivutwe kwa mkia. Aprili 2006 pomboo zaidi ya 400 walikufa upande wa Nungwi, na watu walikwenda kuwakata nyama. Mnyama wa bahari aliyekufa bila ya sababu kujulikana haliwi. Kwa manahodha wa Kizimkazi, ambako bahari imo ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai tangu 1997: punguza mashine mapema, usiwakate njia, na mgeni asirushwe katikati ya kundi lenye watoto.

Kima, paa na popo

Kima punju hapatikani kiasili popote duniani ila Unguja, na Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, ndiyo ngome yake. Barabara inayopita pale imewekewa matuta kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua. Dereva akimgonga kima asikimbie. Aripoti kwa walinzi wa hifadhi. Mkulima anayeliwa mazao ana malalamiko ya haki kabisa, na nachukizwa na watetezi wanaomuona yeye ndiye adui. Apige picha uharibifu, amuite sheha aushuhudie, apeleke Idara ya Misitu kwa maandishi kila unapotokea. Mtego wa waya haumjui kima punju wala paa nunga, na aliyeutega ndiye atakayejibu.

Popo wa Pemba walikaribia kumalizika mwishoni mwa miaka ya 1980. Kilichowarudisha ni vijiji kama Kidike, ambako wenyeji waliamua kuwalinda na kuwatoza wageni kiingilio. Ukitaka kuzuia uwindaji wa popo shehiani kwako, kawaone Kidike kabla hujaita afisa.

Mbwa

Ushafii wetu unatufundisha kuosha mara saba, moja kwa udongo, alipogusa mate ya mbwa. Hautufundishi kumtilia sumu. Sumu ya mtaani huua paka, kuku na kunguru kabla ya kumfikia mbwa, na mtoto anaweza kuwa wa pili. Anayefuga amchanje kila mwaka, ahifadhi kadi na amvishe ukanda shingoni ili asihesabiwe kuwa hana mwenyewe. Pemba ilianza kuchanja mbwa kwa wingi mwaka 2010 na kichaa cha mbwa kikatoweka 2014. Kikarudi 2016, kikatolewa tena kwa chanjo hiyo hiyo.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyo. Mbwa asiuawe papo hapo. Akifungwa salama na kuangaliwa na watu wa mifugo kwa siku kumi, ndipo inajulikana kama alikuwa na kichaa.

Yasiyokuwa na kesi, au yenye kesi ndogo

Kuchinja si kutesa. Kwenye Mfunguo Tatu watu hupiga picha za damu wakadhani wamekamata jambo. Cha kuangalia ni kabla ya kisu: mbuzi waliorundikwa kwenye buti la gari, ng'ombe aliyeburutwa kwa mguu uliovunjika, kisu butu, mnyama anayechinjwa huku wenziwe wakitazama. Haya yanakatazwa na dini yenyewe, na malalamiko yake ni ya afisi ya mifugo, ambayo siku hizo huwa na maafisa wa ukaguzi wa nyama.

Mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambamo watu humchokoza ng'ombe aliyefungwa kamba uwanjani, ni suala jingine. Ng'ombe hachinjwi uwanjani, na wanaouita ukatili tupu wengi hawajawahi kukaa hata saa moja Chwale au Wingwi kuutazama. Lakini kamba ya kukaza kupita kiasi, ng'ombe mwenye jeraha, au kumchokoza hadi anaanguka kwa joto si sehemu ya mchezo. Kamati ya mchezo ina majina na sheha anayajua. Muombe bwana mifugo awakague ng'ombe asubuhi ya siku ya mchezo na aseme yupi asiingie. Ukisubiri hadi ngoma zimeanza, hakuna atakayekusikia.